Upana wa Kikonyo cha Asumini

Kila asubuhi kabla ya chai, Bi Rasha alikuwa na jambo lake moja. Akishaketishwa kitandani na kufutwa uso kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, alinyoosha mkono, akaweka ukucha wa kidole cha mwisho baina ya meno mawili ya mbele ya binti yake, pale penye mwanya, akatulia, kisha akasema, "Muzna." Hapo ndipo siku ilipoanza. Alikuwa na miaka themanini na sita, na mengi yalikwisha kumtoka: mwaka gani, mtaa gani, nani kafa na nani yu hai. Mwanya hakuusahau.

Na ulikuwa mwanya hasa, si ufa wa bahati mbaya. Ulinyooka, mwembamba, umekaa katikati sawasawa, na harusini wanawake walikuwa wakimchekesha Muzna makusudi ili wauone. Bi Rasha mwenyewe hakujaaliwa. Meno yake yalibanana kama safu za Ijumaa msikitini. Mwanya ulikuwa wa mama yake, marehemu Bi Tamima, aliyefariki Rasha akiwa na miaka tisa. Muzna alipong'oka meno ya utotoni na haya ya pili yakaota yameachiana nafasi, Bi Rasha alilia siku nzima, hata majirani wakaja kuuliza kama kuna msiba. Kisa hicho kilisimuliwa sana nyumbani, na Muzna alikua akijua kwamba kilio kile kilikuwa cha furaha kwa ajili yake.

Walikaa Sokomuhogo, orofa ya pili, katika nyumba yenye ngazi zilizojengwa na watu waliofikiria kupanda tu, kushuka hawakukufikiria. Mwaka 2006, mwezi wa Shaabani, Muzna aliteleza na birika mkononi, akaupiga uso kwenye ukingo wa kidato. Jino moja lilitoka pale pale. La pili lilivunjika, na mzizi wake ukang'olewa siku ya tatu.

Asubuhi iliyofuata kidole cha Bi Rasha kilikuja kama kawaida, kikakuta uwazi. Kikatafuta huku na huku, taratibu, kama mtu anayepapasa swichi gizani, kisha kikarudi mapajani.

"Wewe nani?" akauliza.

Muzna alitengenezewa meno ya bandia, meupe, mazuri, yaliyopangwa bila nafasi na yenye tabia ya kuteremka kila akicheka. Bi Rasha aliyatazama kwa adabu. "Bibi, umevaa nguo za mwanangu," akasema. "Mwenyewe kenda wapi?"

Toka siku hiyo hakula tena mkononi mwake. Bi Rasha alilelewa vizuri, na mtoto aliyelelewa vizuri hali chakula cha mtu asiyemjua. Ilibidi sahani iwekwe, watu watoke, ndipo naye adonoe tonge mbili tatu. Mchana kutwa alikuwa akiita, "Muzna! Muzna!" Na Muzna, mwanamke wa miaka khamsini na nane, aliziparamia ngazi zile zile zilizomng'oa meno, "Naam, mama! Naam!" akafika mlangoni pumzi juu juu.

"Sikukwita wewe," Bi Rasha alimwambia. "Namwita Muzna."

Wapo watakaosema ni upuuzi mtu mzima kulilia meno mawili. Na waseme. Hao hawajaitwa na mama yao, wakaitika, wakaambiwa hawakuitwa wao. Muzna hakuwa akitafuta urembo. Hilo alilimaliza zamani. Alitaka kitu kimoja tu: mama yake amwite kwa jina lake huku akimtazama yeye, walau mara moja, kabla Mungu hajamchukua. Na Bi Rasha alikuwa anapungua. Bangili zake zilishaanza kupanda mpaka kwenye kiwiko.

Aliyeleta habari ya daktari alikuwa Mwanapili. Mwanapili alikaa Ng'ambo, na uani kwake alikuwa na vichaka vinne vya asumini. Kila baada ya sala ya alasiri alikuja Sokomuhogo na maua mabichi kwenye jani la mgomba, wakakaa mkekani wawili hao kutunga makoja na vikuba vya maharusi. Walifanya hivyo miaka ishirini na tatu. Muzna alikuwa na mtindo wake: ua la kufuata alilibana kikonyo kwenye mwanya, mikono yote miwili ikabaki na sindano na uzi. Kwa mtindo huo hakuna mtungaji mjini aliyemfikia kwa wepesi. Baada ya kuanguka alijaribu kubana ua kwa midomo, likawa linalowa mate.

"Mwanamke mzima unakula maua kama mbuzi," Mwanapili alimwambia siku moja, akitupa ua la tano. "Nenda Vuga kwa Daktari Haitham. Ati anapanda meno kwa kompyuta."

"Meno yanapandwa?"

"Kama muhogo."

Daktari Haitham alikuwa kijana wa mjini hapo hapo, aliyesoma Ulaya miaka tisa na kurudi na mashine mbili, kompyuta moja na upara wa mapema. Alimwamkia Muzna shikamoo, akamketisha, akamweleza mambo kwa upole, bila ya kumfanya mtoto. Pale jino lilipokuwa, alisema, huchomekwa kijiti kidogo cha madini ya titani, chenye nyuzi kama skrubu. Mfupa unaota pembeni yake, unakikamata, na baada ya miezi minne au mitano jino jipya hufungwa juu yake. Halivuliwi wala haliteremki.

"Kazi yote ni kujua pa kutoboa," alisema. "Mfupa wa hapo mbele ni mwembamba, na juu yake ni pua. Zamani tulichana ufizi tukakisia kwa macho. Sasa tunatangulia kupiga picha, nawe umevaa kibao chenye meno kama tutakavyoyataka yawe. Kompyuta inaunganisha mfupa na meno, nami napanga mle ndani kila kitu: wapi, kina gani, mwinamo gani. Mpango unakwenda kwa intaneti Ulaya, wanatuchongea kiolezo chenye matundu mawili. Nakuvisha mdomoni, keekee inapita kwenye matundu tu. Hata mkono wangu ukitaka kupotea hauwezi."

Kaka yake Muzna, Talal wa Maskati, alipigiwa simu, akasema lifanywe, gharama juu yake, na asiulizwe tena. Basi fundi akatengeneza kibao cha meno ya kujaribia. Muzna alikivaa siku ya kwanza kama mtu anayepimwa nguo, akakivua, wala hakujitazama kwenye kioo. Aliambiwa ni cha picha tu, akaamini kuwa mambo ya picha ni ya wenye picha.

Picha ilikwenda kupigwa Dar es Salaam, kwenye mashine iitwayo siti skani. Walikwenda na boti ya asubuhi, yeye na Mwanapili. Muzna akalazwa kwenye kitanda chembamba, kichwa kimeelekezwa kwenye pete kubwa nyeupe, na binti wa mashine akamwinamia.

"Mama, uma meno vizuri. Usiongee, usimeze mate, usitikise taya hata kidogo."

Kisha akatoka, mlango mzito ukafungwa, na wote wakakaa nyuma ya kioo. Sasa niambie. Ukilazwa mahali kama pale, na waliokulaza wakakimbia wakajificha, wewe utafanya nini? Muzna alifanya alichofundishwa tangu yu mtoto wa miaka mitano katika chuo cha Kurani. Alisoma Ayatul Kursi. Hakutoa sauti wala pumzi. Lakini mwalimu wake alimfundisha kwamba kusoma kwa moyo peke yake hakuhesabiwi kusoma, lazima ulimi utembee, na ulimi wake ukatembea kwa utulivu kabisa, kwa kila herufi na haki yake, mpaka mwisho, akarudia mara ya pili na ya tatu. Alitoka mle amejaa amani.

Baada ya wiki moja Haitham alimwita Vuga, akafunga mapazia mchana kweupe, akafungua kompyuta.

Katika weusi wa kioo kikatokea kichwa. Hakikuwa na ngozi wala macho. Kilikuwa cheupe chenye ubuluu, kinaning'inia bila kushikwa na chochote, na Haitham alipogusa kidude cha mkononi kikaanza kuzunguka polepole, kikimgeuzia Muzna shavu moja, kisogo, shavu la pili. Muzna hakuogopa. Alijiona kama mtu aliyekaa barazani pa nyumba miaka khamsini na nane, leo ndiyo kwanza akaribishwe ndani. Mfupa wa taya ulikuwa na vitundu vitundu kama mawe ya matumbawe ya ukuta wa chumba cha mama yake pale chokaa ilipobanduka, na alihisi kwamba angeweza kuingia mle, akapita ukumbini, akapanda, akamkuta mtu amekaa anamngoja.

"Hiki ni kichwa chako, Bi Muzna," Haitham alisema.

"Kimya sana," Muzna akasema.

Lakini Haitham alikuwa amekunja uso. Meno yalikuwa mawili mawili. Nyuma ya kila jino palikuwa na kivuli cha jino, na nyuma ya taya kivuli cha taya, kana kwamba Muzna wawili walilala pamoja kwenye kitanda kile.

"Ulitikisika."

"Sikutikisika."

"Ulizungumza?"

"N'zungumze na nani, wenyewe washakimbia?"

"Bi Muzna, taya limekwenda. Hili hapa."

Muzna akatazama mikono yake. "Nilisoma," akasema. "Kimoyomoyo."

Haitham naye alikuwa mtoto wa chuo, alijua swali la kuuliza. "Kwa moyo au kwa ulimi?"

"Kwa ulimi."

"Aya gani?"

"Ayatul Kursi."

"Mara moja?"

"Mara tatu."

Daktari akajishika upara wake. Hapana mtu Unguja anayeweza kumgombeza mama wa watu kwa kusoma Ayatul Kursi, hata awe kasoma Ulaya miaka tisini. "Picha hii haifai," akasema taratibu. "Nikipanga juu ya hii, matundu yatakwenda upande milimita mbili. Na milimita mbili hapo ni nje ya mfupa. Itabidi urudi Dar."

Muzna alikuwa ameusogelea ule mwanga, uso karibu na kioo. "Kisimamishe," akasema. "Hapo. Haya meno ya mbele ndiyo yatakayokuwa yangu?"

"Naam, ndiyo hayo."

"Mwanya wangu uko wapi?"

"Mwanya tumeurekebisha," Haitham akasema, tena kwa fahari kidogo, maskini. "Kitaalamu ule ni upungufu. Fundi akiona nafasi huifunga."

Wanaomjua Muzna wanajua kwamba hapandishi sauti. Akikasirika anazungumza kama anayetunga, neno moja moja.

"Upungufu. Haitham, mwanangu, siku ya harusi yako nani alomtungia mkeo vikuba?"

"Wewe, Bi Muzna."

"Mimi. Na kila ua alilovaa lilipita kwenye upungufu huo. Na mamako, kabla wewe hujazaliwa, alinishika kidevu mbele ya watu, akasema laiti Mungu angempa binti mwenye mwanya kama ule. Akakuzaa wewe."

Haitham alicheka, kisha akaacha kucheka. Aliona haya. Miaka tisa ya walimu waliouita mwanya kasoro ilimfanya akifute kitu ambacho hata shangazi zake walikisifu, naye hakuuliza. Akatazama tena vivuli vile viwili viwili.

"Unajua," akasema, "lau picha ingetoka safi, ningeshaipeleka. Saa hizi kiolezo kinachongwa, na hivyo vijiti ningevipanda kwa mpango huo. Meno yangekaa yamefungana maisha yako yote."

"Alhamdulillahi nilisoma," akasema Muzna.

Ikabaki kujua mwanya ulikuwa na upana gani. Picha za zamani hazikusaidia. Wanawake wa umri wake walipigwa picha wamefumba midomo. Haitham akauliza kama anakumbuka, japo kwa kukisia.

"Sikisii," Muzna akasema. "Ulikuwa upana wa kikonyo cha asumini."

Siku ya pili yake, alasiri, Muzna na Mwanapili waliingia kliniki na jani la mgomba. Wagonjwa barazani walidhani kuna harusi. Haitham akatandaza maua mezani, akatoa kipimo chake cha chuma chenye midomo miwili, na hapo akaona taabu, kwani vikonyo havikulingana. Muzna akavichukua kimoja kimoja, akavisugua kati ya vidole. "Hiki chembamba. Hiki cha jana, kishanyauka. Hiki kimekua kivulini." Alipofika kwenye kimoja akakishika kwa muda, akakiweka pembeni. Mwanapili, aliyekuwa dirishani hatazami, aliitwa achague naye. Alikuwa ameutazama mwanya ule kwa karibu, miaka ishirini na tatu, kila alasiri, ua likiwa ndani. Alipekua, akalalamika kwamba daktari ameyachanganya maua vibaya, akanyanyua kikonyo kile kile.

Milimita moja na nukta sita. Haitham akaiandika kwenye kompyuta, na katika weusi ule meno mawili yakaachana, polepole, kama watu wanaopishana mlangoni kwa heshima. Katikati pakabaki mstari mwembamba wa giza. Muzna akaweka mkono kifuani. Alitaka kugusa kioo kwa ukucha wa kidole cha mwisho, akaona haya mbele ya watu.

Fundi akatengeneza kibao kingine, na mara hii Muzna alijitazama. Wakarudi Dar. Njiani Mwanapili aliamua mambo.

"Wewe nyamaza kama gogo," alisema. "Kusoma n'takusomea mie."

Binti wa mashine alipomwambia haruhusiwi ndani, Mwanapili akamjibu kuwa hataki ndani, ndani kuna baridi. Akasimama nje ya mlango mzito, akafunga kanga vizuri, akaanza.

Ndani Muzna akalala. Pete ikaanza kuvuma juu yake. Ulimi aliulaza, nao ukakataa kulala, ukataka kwenda zake kwenye herufi alizozizoea. Akafumba macho. Hakumsikia Mwanapili, lakini alijua anasoma na amefika wapi. Ndipo akamwona mama yake ameketi pembeni ya kitanda kile chembamba, kijana, nywele nyeusi, bangili ziko mahali pake, amenyoosha mkono na kuweka ukucha kwenye mwanya. Muzna akaona kwamba akitikisa taya hata kidogo atamuuma. Basi hakutikisika. Mvumo ukaenda na kurudi, chumba kikanukia asumini, na yeye akabaki vivyo hivyo, meno yameachiana nafasi kwa ajili ya kidole, mpaka mlango ukafunguliwa.

Picha ilitoka safi. Mwanapili alijisifia kwa mwezi mzima.

Kiolezo kilikuja Februari katika boksi dogo lililojazwa pamba. Kilikuwa kipande cha plastiki kinachopitisha mwanga, kimefuata kaakaa na ufizi wa Muzna kila kona, na mbele kina pete mbili za chuma ambazo ungeweza kuzivisha ua. Haitham akampiga sindano ya ganzi, akakivisha, kikakaa kana kwamba kilizaliwa mle. Hakukuwa na kisu. Keekee iliingia kwenye pete ya kwanza ikafika ilipoandikiwa, ikasita, ikatoka. Kisha pete ya pili. Muzna hakusikia maumivu. Alisikia sauti ya mbali, kama seremala wa nyumba ya tatu, na mtu anayebisha hodi ndani ya kichwa chake kwa adabu. Vijiti viwili vikakazwa, na kazi ikaisha kabla ya adhana ya adhuhuri.

Kisha ikabaki kungoja mfupa. Hilo ndilo lililokuwa zito. Machi Bi Rasha bado aliita mchana kutwa. Aprili aliita asubuhi na jioni. Mei alikuwa akiita mara moja tu, alasiri, tena kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa ajili ya kutimiza ada. Muzna aliitika kila mara, "Naam, mama," na kila mara akaambiwa hakuitwa yeye. Usiku aliota anatembea ndani ya kile kichwa cheupe, anapanda ngazi, na kila akikaribia kufika chumbani vidato vinaongezeka.

Alikwenda Vuga. "Fanya haraka, mwanangu," akasema. "Mama hatamaliza miezi hiyo."

Haitham alikuwa na huruma, na huruma yake nusura imponze. Alikishika kijiti kimoja, akakigonga kidogo, akasikiliza. "Nikifunga leo vitalegea, Bi Muzna," akasema mwisho. "Vitatoka na mwanya utatoka navyo. Mfupa haufanyi haraka kwa ajili ya mtu."

Muzna alirudi kwa miguu, akalia njia nzima bila kujificha.

Meno yalifungwa tarehe tatu Julai. Haitham alipitisha kikonyo katikati, kikapita kwa kubanwa kidogo, akampa kioo. Muzna hakukitazama sana. Alijifunika mdomo kwa ncha ya buibui toka Vuga mpaka Sokomuhogo, watu wakimsalimia anatikisa kichwa tu, kwa sababu hakutaka mtu mwingine auone kwanza. Alipanda ngazi polepole, mkono ukutani.

Bi Rasha alikuwa ameegemezwa kwenye mito, macho dirishani. Uji wa mchele ulikuwa umewekwa, haukuguswa. Mwanapili alikwishaleta maua. Muzna akakaa mkekani mbele ya kitanda, akatia uzi kwenye sindano, akachukua ua, akalibana kikonyo kwenye mwanya. Likakaa. Akatunga la kwanza, la pili, la tatu, na maua yakawa yanakwenda mdomoni na kutoka kwa mwendo ule wa zamani.

Alipoinua macho, Bi Rasha hakuwa tena anatazama dirisha.

Mkono ukainuka kutoka kwenye shuka. Ulichukua muda kufika. Muzna akalitoa ua, akasogea, na ukucha wa kidole cha mwisho ukakaa mahali pake. Ukatulia. Uso wa Bi Rasha ukafunguka wote.

"Mama," akasema.

Muzna alingoja jina. Halikuja.

"Mama, siku zote hizi ulikuwa wapi?" Ilikuwa sauti ya mtoto wa miaka tisa.

Muzna alikuwa na maneno tayari, aliyoyaweka miezi kumi: Ni mie, mama, ni Muzna. Yalikuwa ulimini. Na hapo hapo akakijua kilio kile cha siku nzima, kilikuwa kwa ajili ya nani. Kilimuuma, tusidanganyane. Asubuhi zote zile, kidole na jina. Hakujua tena ngapi zilikuwa zake na ngapi za Bi Tamima, aliyekufa zamani kabla yeye hajazaliwa. Ulimi ulitaka kwenda. Akaulaza, kama alivyoulaza kwenye mashine, kwa sababu kidole kilikuwa bado kiko mle.

Bi Rasha alipouteremsha mkono wake, Muzna akasema, "Nilikwenda kuchuma asumini."

"Muda wote huo?"

"Yalikuwa mbali."

Bi Rasha akaridhika. Muzna akachota uji, akausogeza, hana hakika, na mdomo wa Bi Rasha ukafunguka. Akala. Akala kijiko cha pili na cha tatu, macho hayabanduki kwenye uso ule, mpaka uji ukamtiririka kidevuni na Muzna akaufuta kwa kidole. Kwenye kijiko cha sita akamzuia mkono.

"Mama, nna mtoto."

"Una mtoto?"

"Wa kike. Muzna jina lake. Ana mwanya kama wako, wallahi, huo huo." Akainama, kama anayesema jambo ambalo wengine wasilisikie. "Watu hudhani nampenda kwa ule mwanya. Nnampenda tangu hajaota hata jino."

Muzna akaukoroga uji kwa kijiko.

"Ndiye anilishaye siku zote," Bi Rasha akasema. "Leo kachelewa tu. Usiondoke, mama. Akija n'takuonesha."

"N'tamngoja," akasema Muzna, na akachota kijiko cha saba.